Mkono wa Mshiriki wa Arobaini na Moja

Saa mbili asubuhi, zikiwa zimebaki saa nne vikuku vizimwe, nilikuwa nimegonga milango saba na hakuna hata mmoja uliofunguliwa.

Nilisimama uani kwa Mama Nanzia, mkoba wa vipimo begani, nikisikiliza. Makande yalikuwa yanachemka taratibu jikoni. Mtu anayeacha makande motoni hajaenda mbali. Lakini Mama Nanzia hakuwa mtu wa kwenda popote. Kila wiki sindano yangu ilionyesha hisia zikimrudia kidogo, ila sikuwahi kumwona akisimama. Siku ya kwanza ya utafiti alikuwa haisikii miguu yake tangu magotini kushuka chini, na majirani walimleta amekaa kwenye kiti cha plastiki ili aje kutia dole gumba. Kiti hicho sasa kilikuwa kando ya mlango, kitupu. Kwenye vumbi palikuwa na nyayo za miguu mitupu zikielekea juu mlimani.

Simu ikatetemeka mkononi. Hakimu tena.

SIKU YA 180. TOFAUTI KATI YA MAKUNDI: HAKUNA. UTAFITI UTAFUNGWA SAA SITA MCHANA. VIKUKU VYOTE VITAZIMWA.

Hakimu si mtu. Ni mashine iliyowekwa ili isimpendelee yeyote. Tulipoleta vikuku themanini hapa Mavunduni, arobaini vilikuwa vya kweli: vilipeleka mapigo madogo ya umeme kwenye mishipa ya fahamu na kuiamsha pale ganzi ilipoilaza. Arobaini vingine viliwaka taa ya kijani tu, basi. Kwa nje havikuwa na tofauti, na vyote vilipima ganzi na kumpelekea Hakimu nambari. Mimi sikujua kipi ni kipi. Dakta Mchomvu, mkuu wa utafiti, hakujua. Waliovivaa hawakujua. Hakimu peke yake ndiye aliyejua, na kazi yake ilikuwa kulinganisha. Kama waliovaa vya kweli wangepona na wenzao wasipone, basi watu laki mbili nchini waliokuwa wakifa kidogo kidogo kwa ganzi, kuanzia vidole vya miguu, wangepata vikuku. Kama makundi mawili yangebaki sawasawa, kikuku kingekuwa pambo.

Na yalikuwa sawasawa. Ila Hakimu hakuwa amekiona kile kiti kitupu.

Nikafuata nyayo.

*

Ndiva ya Mavunduni ni bwawa la mawe juu ya kijiji. Usiku kucha kijito hulijaza, na asubuhi hufunguliwa ili maji yateremke kwenye mashamba ya tangawizi, kila familia kwa zamu yake. Nilitarajia kukuta watu wawili watatu wenye zamu. Nilikuta kijiji kizima. Walikuwa wamekaa juu ya ukuta wa mawe, wawili wawili, wameshikana mikono, wanapiga soga kama watu wanaosubiri harusi ianze. Waliponiona, soga ikakatika.

Bibi Namkunda, msimamizi wa ndiva, alikuwa na daftari lake kwapani kama kawaida. Mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya mkono wa Mama Nanzia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, dokta mdogo. Leo umechelewa. Umetuchoka?"

"Mnafanya nini hapa?"

"Tumeshikana mikono. Huko chuoni kwenu hawashikani?"

Watu wakacheka. Mimi sikuweza.

"Bibi, tafadhali. Niambie."

Alinitazama kidogo, kisha akaacha utani. "Mwezi wa pili tangu mlete hivi vikuku, tulikuwa kwenye msaragambo hapa hapa. Kazi ya wote, unaijua: tulikuwa tunarudishia mawe yaliyoanguka. Nanzia tulimweka kwenye kiti pale ukingoni, awe anatuhesabia mawe. Kiti kikateleza, akaingia kwenye tope. Nikamshika mkono kumvuta. Akapiga kelele, siafu! siafu! Nikatazama, hakuna siafu."

"Walikuwa ndani ya miguu," akasema Mama Nanzia. "Miguu ambayo sikuwa nayo."

"Mimi siafu hao nilikuwa nawasikia tangu wiki ya kwanza. Yeye hajawahi. Nilipomwachia, wakapotea. Nilipomshika tena, wakarudi. Basi tukapita kila nyumba, tukashikana mikono, tukajua nani ana maji kikukuni na nani mkavu."

"Mkaanza kugawana."

"Kwa zamu. Hayo ndiyo tunayoyajua."

"Lakini karatasi ya utafiti ilisema..."

"Ilisema tusibadilishane vikuku. Nimeisoma mwenyewe, na wasioona vizuri nimewasomea." Akageuka. "Kuna mtu hapa amebadilisha kikuku?"

"Hakunaaa!"

"Haya."

Nikakaa chini kwenye majani yenye umande. Niliwaeleza kwa maneno niliyoyapata. Kwamba Hakimu anaona nambari tu. Kwamba wote wakipona pamoja, machoni pake ni sawa na kwamba kikuku hakikufanya lolote, labda ni hewa, labda ni maji ya mlimani. Kwamba saa sita taa zote zitazimika.

"Si umwambie basi tunashikana mikono!" Aliyesema ni Mrutu, mwanamume mrefu mwenye mashamba ya bondeni.

"Nikimwambia atawatoa wote kwenye hesabu. Aliyepokea mapigo ya mwenzake hahesabiwi. Hatabaki mtu, na utafiti utafungwa vilevile."

Mama Nanzia aliinama mbele. Hakuwa na hasira, alikuwa anauliza kweli. "Mwanangu, ulikuja kwangu ukasema mnatafuta kama hiki kitu kinazuia ganzi. Tukatafuta na sisi. Tumekuta kinazuia. Sasa tumekosa wapi?"

Nilikuwa na shahada niliyoipata kwa alama nzuri. Nikaanza kuhesabu watu, kwa sababu kuhesabu nilikuweza. Nilihesabu mara mbili.

"Mko sabini na tisa. Wa themanini yuko wapi?"

Wengine walitazama maji.

"Daftari ni la ndiva," Bibi Namkunda alisema hatimaye. "Zamu za mikono tuliziandika kwa majina yaliyokuwamo. Yeye hayumo."

Nilijua ni nani. Elinihaki Senkondo, mshiriki wa arobaini na moja, nyumba ya mwisho chini ya kijiji. Miaka minne nyuma, mwaka wa kiangazi kikali, alifungua ndiva peke yake, nje ya zamu, akitaka kuokoa shamba lake. Lango likang'oka. Maji yakasomba tangawizi ya familia kumi na moja, ya Mrutu ikiwamo, na ng'ombe mtamba wa Bibi Namkunda akakutwa bondeni amekufa. Jina lake likakatwa. Tangu hapo hapati maji, hapati salamu.

Wiki iliyopita ganzi yake ilikuwa imefika mbavu ya tisa. Nilidhani ni bahati mbaya yake tu.

*

Niliteremka hadi kwenye mwamba ambako mtandao hushika, nikampigia Dakta Mchomvu. Uso wake ulionekana kwenye kioo, macho mekundu. Nilimweleza yote. Alipokea habari ya kushikana mikono kama mtu aliyepigwa kofi. Kisha nikamtajia Mzee Elinihaki, naye akainuka kitini.

"Hajaguswa hata mara moja? Una uhakika?"

"Hakuna anayempa salamu, Dakta. Mkono atapewa na nani?"

"Basi hatujafa. Sikiliza. Akiwepo mshiriki safi hata mmoja, naruhusiwa kuomba nyongeza ya siku kumi. Vikuku vitaendelea kuwaka. Nitamwambia Hakimu, hawa walishikana, huyu hakushikwa, mtazame yeye. Siku kumi za vipimo vyake zinatosha kuonyesha ganzi inavyokwenda isipozuiwa."

"Ganzi inakaribia kifua. Siku kumi..."

"Najua siku kumi zitaifikisha wapi. Nitapeleka mashine ya kupumulia."

"Ipo?"

"Nitaiomba."

"Kwa hiyo anaweza kufa."

"Anaweza. Na laki mbili watakufa kwa hakika. Nakijwa, hakuna utafiti mwingine nyuma ya huu. Ukifungwa, kikuku kinaingia kabatini." Akasogea karibu na kioo, sauti ikashuka. "Ila asiambiwe kuhusu mikono. Akijua, atautafuta mkono, na akishaguswa tumemaliza."

Nikatazama kule chini, kwenye nyumba ya mwisho ya kijiji.

"Binti yangu yuko Bukoba," akasema. "Ana miaka kumi na tisa. Magotini sasa. Sikukuambia kwa sababu si haki mambo yangu yaingie kazini. Leo nakuambia."

Ilikuwa saa nne kasorobo. Nilisimama pale mwambani simu ikiwa imekwisha kukatika, nikamfikiria msichana wa Bukoba ambaye sijawahi kumwona, na nikaona kabisa jinsi ambavyo ningeweza kurudi chumbani kwangu, nikae kimya, na nisiwe nimefanya kosa lolote linaloandikika.

*

"Hodi."

"Pita. Mlango sifungi. Nimfungie nani?"

Mzee Elinihaki alikuwa amelala karibu na dirisha, mto mmoja chini ya kichwa na mwingine chini ya mgongo ili apumue. Alikuwa akimaliza kila sentensi kwa kuvuta hewa.

"Umekuja na sindano yako. Choma tu. Unajichosha."

Nilichoma kwa upole, nikipanda mbavu moja moja. Ya nane, kimya. Ya saba, kimya. Kwenye ya sita akasema, "Hapo." Ilikuwa imepanda mbavu mbili kwa wiki moja.

Nikarudisha sindano mkobani, nikakaa kwenye kigoda. Alinitazama.

"Wewe hukai. Ukishanichoma huondoka. Leo umekaa."

"Babu, kuna jambo. Nikikuambia, huenda nikaharibu kazi ya miezi sita."

"Basi usiniambie." Akavuta hewa. "Lakini umekaa."

Nikamwambia. Nilianza na mikono, kisha siafu, kisha daftari la ndiva. Nikamwambia habari ya siku kumi na mashine ya kupumulia ambayo labda haipo. Nikamwambia habari ya laki mbili, na ya msichana wa Bukoba, kwa sababu kama nilikuwa namwambia ukweli basi nao ulikuwa ukweli.

"Na nikikataa kukaa peke yangu?"

"Saa sita vikuku vyote vinazimwa. Cha Mama Nanzia, vya wote."

Akavuta hewa mara tatu.

"Nisomee tena ile karatasi. Pale mwanzo."

Nilikuwa nayo mkobani. Nilikuwa nimeisoma mara themanini, nikaisoma tena. "Lengo la utafiti huu ni kujua kama kikuku kinazuia ganzi. Inawezekana wewe mwenyewe usipate faida yoyote."

"Ulinisomea hivyo hivyo?"

"Ndiyo, Babu."

"Nilisikia vizuri. Sikudanganywa." Akageuza kichwa upande wa dirisha. "Unajua kwa nini nilitia dole? Miaka minne hakuna mtu aliyeingia nyumba hii. Wewe ukasema utakuja kila wiki. Nikasema moyoni, hata wakinifunga kamba, nitakubali."

Nilishindwa kumtazama.

"Mngeniuliza nikiwa na miguu," akasema, "pengine ningewaambia, haya, nichukueni hizo siku kumi, mkawaokoe wengine. Mtu mwenye miguu ana maneno makubwa. Sasa naogopa, mjukuu wangu. Nikifumba macho naona nazama. Sitaki kuwa peke yangu. Nataka huo mkono."

Maneno yalikuja hadi ulimini: laki mbili, Babu. Fikiria tena, Babu. Yalikuwa maneno ya kweli, na ningeyasema kwa upole. Lakini nilikuwa nimemuuliza swali, na alikuwa amelijibu.

"Sawa," nikasema.

Nikafungua simu na kuandika: Mshiriki wa 41 ameelezwa yote. Amejitoa. Saa 4:35. Nikatia jina langu.

*

Nilipanda kwenda ndivani mbio. Nilipofika sikuwa na pumzi ya kupamba maneno, nikawaambia kama yalivyo. Elinihaki anaomba mkono. Akipewa, hakuna tena mtu safi, na taa zote zitazimika.

"Yaani aliyebomoa ndiva ndiye atuzimie na taa?" Mrutu alisimama. "Mama yangu amesimama wiki iliyopita kwa mara ya kwanza. Ulimwona? Alisimama akashika mlango, akalia. Yule pale ukutani. Nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli," nikasema. Kilikuwa kitu cha kijinga kumwambia mtu, na aligeuka kunipa mgongo.

"Siku kumi si nyingi," mtu mwingine akasema kwa sauti ndogo.

"Kwako," akajibu Mama Nanzia. "Uliwahi kusikia ganzi ikipanda usiku? Mimi nimesikia."

Wote wakamtazama Bibi Namkunda. Alikuwa amefungua daftari magotini, kidole kikiwa juu ya mstari mmoja uliokatwa kwa wino mwekundu.

"Miezi minne," alisema, kama anayejisemea. "Kila asubuhi nasoma majina haya kwa sauti. Kila asubuhi napita hapa, sisimami. Lile la ndiva tulimhukumu, tulikaa kikao, alistahili. Lakini hili la mikono hatukukaa kikao chochote. Nilichukua tu daftari lililokuwapo."

"Bibi, taa," akasema Mrutu. Hakuwa anafoka tena. Alikuwa anaomba.

"Nimesikia, baba. Na yangu ipo." Akainua mkono wake wenye kikuku, akakitazama kile kijani, akaushusha. "Mimi naenda. Anayebaki abaki, sitamwandika popote."

Akaacha daftari pale ukutani.

*

Watu kama ishirini walitufuata, wakaishia uani. Bibi Namkunda aliingia peke yake pamoja nami, akasimama kando ya kitanda.

"Elinihaki."

"Namkunda. Umekuja kunikumbusha mtamba wako?"

"Alikuwa na mimba yule mtamba, mjinga wewe. Lete mkono."

Ilikuwa saa tano na dakika nane. Akakaa kwenye kigoda, akauchukua mkono wake uliokonda, akaubana. Nikaweka sindano tayari. Dakika tano, hakuna kitu. Dakika kumi, hakuna kitu. Nje mtu alikohoa. Dakika ishirini na tano zikapita, na pumzi ya mzee ikawa fupi zaidi, na nilianza kufikiri kwamba tumemjia amekwisha kwenda mbali, kwamba nimezima taa za kijiji kizima na kabati limefungwa juu ya msichana wa Bukoba, na kwamba yote hayo yamempatia mtu huyu kushikwa tu.

"Mwache aende," mzee akaniambia. "Ana kazi zake huyu."

"Nyamaza," Bibi Namkunda akasema. "Ganzi iliyopanda juu huchelewa. Nusu saa haijafika."

Mzee akakunja uso.

"Nani ameniwekea wadudu kitandani?"

Nilichoma mbavu ya saba.

"Aa! Taratibu, we mtoto!"

Kwenye ya nane hakusikia. Lakini ya saba ilikuwa imerudi.

Dakta Mchomvu alipokea simu kabla haijaita mara mbili. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi na moja.

"Umemwambia," alisema. Alikuwa ameisoma taarifa yangu.

"Nimemwambia. Akakataa. Dakta, sikiliza kwanza. Siku mia na themanini alikuwa mkavu, na kila wiki ganzi ilipanda. Leo ameshikwa nusu saa, imeshuka mbavu moja. Mwili ni uleule. Kikuku chake kimepima chenyewe, Hakimu anaziona hizo nambari sasa hivi, ila hajui maana yake. Anahitaji mtu mwenye mamlaka aandike kilichotokea. Chote. Mikono, daftari, kila kitu."

"Kanuni ni ya mshiriki safi. Huyu si safi tena."

"Si safi. Ndiyo maana lazima iandikwe ni nini kilichomgusa."

Nikasikia saa ya ukutani kwake.

"Nikiandika chote, itanibidi niandike na nilichokuambia asubuhi."

"Ndiyo, Dakta."

"Wataninyang'anya utafiti."

Huenda wangemnyang'anya. Huenda na mimi.

"Anasemaje huyo mzee?" aliuliza mwishowe.

"Analalamika siafu wanamuuma."

Alitoa sauti ambayo sikujua kama ni kicheko. Kisha nikasikia vidole vyake vikigonga herufi, haraka, vikisita, vikiendelea tena. Hakukata simu. Niliiweka dirishani, na sote tukamsikiliza akiandika.

Saa sita watu wa uani waliinua mikono yao usoni bila kuambiana. Taa zilizimika. Zote, mara moja. Mwanamke mmoja akasema "Yesu wangu," na baada ya hapo sikusikia hata kuku. Nilihesabu hadi kumi na nne.

Kikawaka cha Mama Nanzia kwanza, kisha kile cha aliyekuwa karibu naye, kisha vyote.

Simu ikatetemeka juu ya dirisha. OMBI LIMEPOKELEWA. UAMUZI UMEAHIRISHWA KWA SIKU KUMI. MKUU WA UTAFITI AITWE KUJIELEZA.

Dakta Mchomvu alikuwa ameisoma vilevile. "Mpime tena baada ya saa moja," alisema kwa sauti iliyopasuka. "Andika jina la kila atakayemshika." Akakata.

Bibi Namkunda aliinuka kigodani, akaunyosha mgongo wake. Mapigo ya kikuku chake yalikuwa yamefifia. Huwa yanahitaji kupumzika. "Nimeishiwa," aliwaambia walio nje. "Nani mwenye maji?"

Hakuna aliyesogea. Mlangoni palikuwa na mwanga mweupe wa adhuhuri na vichwa vya watu, na nilimwona Mzee Elinihaki akivitazama kimoja kimoja, akiwa hana uwezo hata wa kugeuka ukutani asivione. Mkono wake ulibaki wazi juu ya shuka.

Kivuli kirefu kikaingia. Mrutu aliinama chini ya kizingiti, akavuta kigoda kwa mguu, akakaa kwa kishindo bila kumtazama yeyote.

"Sijakusamehe," alisema. "Nimekuja kushika mkono tu."

"Shika basi," akasema mzee. "Mikono yako ya baridi kama nini."

Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika jina la Mrutu na saa.